Septemba au Novemba? Kupanda bustani Lubumbashi jua likiwa kali

Kila mwaka, jakaranda zikianza kuchanua kando ya avenyu za mjini, swali ni lile lile kwa wenye parsele (kiwanja cha nyumba): nipande sasa, au ningojee mvua? Uzio umekauka, vumbi linaingia mpaka jikoni, na wauza miche wa kando ya barabara wamepanga mifuko yao inapendeza macho. Mkono unawasha. Kabla hujatoa pesa, tulinganishe njia zilizopo, maana ziko tatu, si mbili.

Kwanza tuelewane kuhusu kiangazi chenyewe. Hapa kwetu kinaanza Mei na kumalizika Oktoba, lakini ndani yake mna majira mawili yasiyofanana hata kidogo. Juni na Julai ni baridi. Usiku kipimo kinaweza kushuka chini ya nyuzi 10, na asubuhi watoto wanakwenda shule na makoti. Kuanzia mwisho wa Agosti joto linapanda, na Septemba na Oktoba mchana unavuka nyuzi 30, huku hewa ikiwa kavu na mvua bado haijafika. Mji uko kwenye mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari. Unapata takriban milimita 1,200 za mvua kwa mwaka, na karibu zote zinanyesha kati ya Novemba na Machi. Miezi ya Juni, Julai na Agosti huwa hakuna kitu.

Ndiyo sababu ushauri unaousoma kwenye simu unakupoteza. Watu wa nchi za Mediterania wanaambiana wapande Oktoba, na kwao ni sahihi: joto lao limekwisha, mvua zao zinaanza. Wewe ukipanda mwanzo wa Oktoba hapa Lubumbashi umeweka mche katikati ya tanuri. Hata shangazi yako wa Bukavu, akikwambia kwamba yeye amekwisha kupanda maharagwe, usimwige. Kiangazi chao ni kifupi na mvua zinawarudia Septemba.

Kupanda Septemba ardhini

Faida ipo. Jua ni jingi, na mche ukipata maji ya kutosha unakua haraka. Magonjwa ya ukungu ni machache kwa sababu majani yanakauka upesi. Na mvua ya Novemba ikifika, inakuta mizizi tayari imeshika.

Ila fanya hesabu ya maji kabla ya kushika jembe. Milimita moja ya maji kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Tuta la mboga lililojaa majani, katika jua la Oktoba, linapoteza lita 5 hivi kwa kila mita ya mraba kwa siku. Tuta la mita 10 za mraba linataka lita 50, yaani bidoni mbili na nusu za lita 20, kila siku ya Mungu. Toka tarehe 1 Septemba mpaka katikati ya Novemba hizo ni bidoni karibu 190. Mwenye foraji, yaani kisima kilichochimbwa kwa mashine, ndani ya parsele anaweza kucheka. Anayengoja robine itoe maji saa nane za usiku, au anayenunua bidoni kwa kijana wa kigari, hana kicheko.

Kuna jambo jingine ambalo watu hawalihesabu: mvua ya uongo. Mara nyingi mwanzo au katikati ya Oktoba wingu linakusanyika, radi inapiga, mvua inashuka nusu saa, na mji mzima unanukia udongo. Kesho yake wauza miche wanamaliza mali yao yote. Kisha zinapita wiki mbili, tatu, bila tone, na jua lile lile. Ukitaka kujua mvua hiyo imekupa nini, chukua panga, chimba kando ya tuta. Utakuta vidole vinne vya udongo mweusi uliolowa, na chini yake wekundu ule ule mkavu, mgumu, unaolia ukiupiga.

Kungojea Novemba

Anayengoja anapata maji ya bure, na hilo si dogo. Kuanzia katikati ya Novemba mvua inazoea kuja, mawingu yanapunguza ukali wa jua, na mche unaopandwa wakati huo una miezi minne au mitano ya kushusha mizizi kabla ya kiangazi kijacho. Kwa miti ya matunda, kwa uzio mrefu, kwa chochote kinachotakiwa kuishi miaka, sioni sababu ya kubishana: Novemba na Desemba zinashinda.

Hasara zake? Magugu yanaota kwa kasi kuliko mche wako. Mvua kubwa zinapiga mbegu ndogo na kuzipeleka kwa jirani, hasa kwenye parsele zenye mteremko. Nyanya zinapata ukungu. Na kila mtu anapanda wakati mmoja, kwa hiyo miche mizuri inakwisha sokoni mapema na unabaki na ile iliyopinda.

Njia ya tatu, ambayo ndiyo yangu

Septemba ni mwezi wa kitalu na mashimo. Badala ya kupanda ardhini, panda kwenye mifuko, chini ya kivuli, na huku nje andaa mashimo. Mifuko arobaini iliyobanwa pamoja chini ya mwembe inakula kopo moja la kumwagilia asubuhi, na nusu ya kopo jioni siku za upepo. Linganisha na bidoni mbili na nusu za tuta. Novemba ikifika, miche yako ina mizizi, wewe hununui, na unachagua siku ya kupanda kwa kuangalia ardhi badala ya kuangalia wingu.

Na mashimo yachimbwe mapema kwa sababu moja rahisi: kuchimba ni kazi, na kazi ikiachwa mpaka mvua inyeshe, watu wanachimba vijishimo vya kiatu. Kwa mti wa matunda nataka sentimita 60 kwenda chini na 60 upana. Kama ardhi imekuwa tofali, mimina bidoni moja jioni, funika kwa gunia, chimba asubuhi. Udongo wa juu, ule wenye weusi kidogo, weka upande mmoja. Wekundu wa chini weka upande mwingine. Ukirudisha, wa juu unatangulia kwenda chini pamoja na samadi iliyooza vizuri. Samadi mbichi itachoma mizizi. Acha shimo likiwa na beseni juu yake, mvua ya uongo ya Oktoba iingie humo, ifanye kazi walau moja.

Mboga: hapa kiangazi kinagawanyika

Kwa mboga, swali la Septemba au Novemba halitoshi, kwa sababu msimu wake mzuri hapa mjini ni kiangazi cha baridi, Mei mpaka Julai. Shu (kabeji), karoti, vitunguu na saladi vinapenda ubaridi ule. Vitunguu vilivyohamishwa kutoka kitaluni Aprili au Mei vinakomaa wakati hakuna mvua ya kuviozesha, na hilo ndilo vinalolitaka.

Ukiwa umechelewa na sasa ni Septemba, chagua baina ya hizi. Lengalenga ni mmea wa joto. Kwenye jua kali, mradi una maji, unakuwa tayari kwa kuchumwa baada ya wiki tatu au nne. Shu katika jua hilo hilo inasinyaa mchana, vidukari vinajaa ndani ya majani, na wadudu wanaoitoboa wanazaana haraka kwa sababu ya joto. Nyanya iko katikati: inakwepa ukungu wa masika, lakini utitiri mwekundu unaipenda hewa kavu, na maua yanadondoka siku za joto kali kabla hayajashika tunda. Kwa maji yale yale ya bidoni mbili na nusu, mimi ningepanda lengalenga na kusahau shu mpaka Aprili.

Matembele ni jambo la pekee. Vipande vyake vinashika karibu popote, vinatambaa na kufunika ardhi, na ukiacha kuvimwagilia siku kadhaa havifi, vinasimama tu kutoa majani. Kwa mama mwenye familia kubwa na maji machache, kona ya matembele inalipa kuliko matuta matatu ya mboga za kubembelezwa.

Bugenvilia au hibiskusi?

Hapa ndipo watu wanapopoteza pesa nyingi, kwa sababu mimea yote miwili inauzwa ikiwa na maua na yote inaitwa maua ya uzio.

Hibiskusi inakua vizuri, inakubali kukatwa ikawa ukuta wa kijani ulionyooka, na haina miba, kwa hiyo mtoto akiangukia humo anatoka mzima. Lakini ina majani mapana na laini, na katika jua la Oktoba yanalala ifikapo saa saba mchana. Mwaka wa kwanza itakudai maji mara mbili au tatu kwa wiki kiangazi chote. Ukiikosesha haifi mara moja. Inaangusha majani, inaangusha vitumba, inabaki fimbo, na wadudu weupe wanahamia.

Bugenvilia ni kinyume. Ikishashika, ukame ni rafiki yake. Ukiimwagilia sana inatoa majani na matawi marefu tu. Ukiibania maji kidogo, kwenye jua kamili, ndipo inapojaa rangi. Miba yake inamfanya mwizi afikirie mara mbili. Ugumu wake uko mwanzoni: mizizi yake ni myembamba na haipendi kushikwashikwa. Ukivuta mche kutoka kwenye mfuko, bonge la udongo likavunjika, nusu ya pesa yako imekwenda. Chana mfuko kwa wembe ukiwa ndani ya shimo, utoe plastiki polepole, na udongo ubaki ulivyo.

Kuipata bure si kazi. Agosti au Septemba omba kwa jirani tawi lililokomaa, nene kama kalamu. Kata vipande vya urefu wa shibiri, toa majani, zika theluthi mbili ndani ya mfuko wenye udongo uliochanganywa na mchanga. Kaa navyo kivulini wiki sita mpaka nane. Vingine vitatoa majani mapema na kukudanganya kwamba vimeshika, usivivute kuangalia. Tengeneza vingi kuliko unavyohitaji, maana havishiki vyote.

Kwa hiyo: parsele yenye foraji na watoto wadogo wanaocheza uani, hibiskusi. Parsele ya maji ya shida, ukuta wa upande wa barabara, bugenvilia. Anayetaka yote mawili aweke hibiskusi karibu na mlango ambako maji ya kuoshea mboga yanamwagwa, na bugenvilia kule mbali ambako hakuna atakayebeba ndoo.

Mnyaa wengine wanaupenda kwa uzio kwa kuwa haujui kiu. Ni kweli haujui. Lakini utomvu wake mweupe ukiingia jichoni ni hatari kubwa, na watoto hawaachi kuvunja vijiti. Kwenye shamba, sawa. Uani, mimi sipandi. Franjipani nayo ina utomvu ingawa si mkali hivyo, na ndiyo moja ya mimea michache ninayokubali iingie ardhini Septemba. Tawi lake likatwe, liachwe kivulini siku saba hivi mpaka kidonda kikauke, ndipo lizikwe. Ukilizika likiwa bichi na kulimwagia maji kila siku linaoza kuanzia chini. Kundi hilo hilo la mimea ya kusamehe lina mshubiri na sansevieria: panda, mwagilia mara moja, endelea na shughuli zako.

Mwembe au mti wa avoka?

Mwembe mkubwa hauhitaji mtu. Mdogo unahitaji miaka miwili ya kwanza tu. Mti wa avoka, hata ukiwa mkubwa, mizizi yake mingi iko juu juu na inasikia ukame haraka. Mdogo wake unaungua gome na majani kwa jua la moja kwa moja. Kama parsele yako ina nafasi ya mti mmoja na maji si ya uhakika, panda mwembe. Kama una maji na ukuta unaotoa kivuli mchana, avoka itakushukuru, na bei ya matunda yake sokoni inajulikana.

Yote miwili iende ardhini mvua ikishazoea. Kama mche umekwisha kupandwa na sasa ni Septemba, mpe bidoni moja mara mbili kwa wiki badala ya kikombe kila jioni. Maji ya kikombe yanalowesha juu, mizizi inapanda kuyafuata, na siku ukisafiri mti unakufa. Bidoni nzima, iliyomiminwa taratibu ndani ya beseni, inashuka, na mizizi inaifuata chini. Bidoni iliyotobolewa tundu la msumari na kuwekwa shinani inafanya kazi hiyo bila wewe kusimama pale. Kwa miti mitano hizo ni bidoni kumi kwa wiki, kazi ambayo vijana wawili wa nyumbani wanaimaliza.

Mchwa ndio adui wa hapa kwetu ambaye maandishi ya Ulaya hayamtaji. Ushauri wao wa kufunika ardhi kwa nyasi kavu ni mzuri. Nyasi zinazuia jua lisinyonye unyevu, na tofauti unaiona kwa kidole ukizifunua saa nane mchana. Lakini wakati wa kiangazi mchwa wanatafuta chakula, na nyasi zilizogusa shina ni daraja lao. Acha nafasi ya kiganja kuzunguka shina, nyunyiza majivu ya makaa hapo, na uzifunue nyasi kila juma. Ukiona bomba la udongo limeanza kupanda kwenye gome, lifute siku hiyo hiyo.

Na huyo huyo mchwa ana zawadi. Vichuguu vikubwa vya pembezoni mwa mji, vile vinavyochimbwa kwa matofali, vina udongo wenye mfinyanzi mwingi na chokaa kuliko udongo wetu mwekundu wa kawaida, ambao una uchachu na hauna chakula kingi. Sehemu moja ya udongo wa kichuguu uliopondwa, sehemu mbili za udongo wa juu, sehemu moja ya samadi au mboji: mchanganyiko huo unashika maji muda mrefu. Ukiutumia peke yake utakauka ukapasuka.

Gazoni

Sitatumia maneno mengi. Mita 50 za mraba za gazoni, yaani nyasi za uani, ikiwa ya kijani katika Oktoba zinataka lita 250 kwa siku, bidoni zaidi ya kumi na mbili. Nyasi ya paspalumu ina mizizi mirefu. Inageuka rangi ya majani makavu na kuamka na mvua. Nyasi za Kikuyu ni nzuri kwa macho lakini zina kiu zaidi. Ukitaka gazoni, chagua paspalumu, panda Desemba, na ukubali iwe kahawia kiangazi.

Tuta la chini au tuta la kuinuliwa?

Hili linahusu mboga, na linahusu afya. Shaba iliyeyushwa Lubumbashi kuanzia mwaka 1911, na upepo wa kiangazi unatoka kusini-mashariki. Moshi wa miaka mingi ulikwenda kaskazini-magharibi ya bomba kubwa la moshi la kiwanda cha shaba, na udongo wa upande huo umebeba shaba, risasi na kadmiamu. Ua au mti wa kivuli hauna neno sana. Mboga za majani zinavuta madini hayo, na vumbi linakaa juu yake. Kama parsele yako iko upande huo, usipande lengalenga ardhini moja kwa moja: inua tuta la matofali, jaza udongo ulioletwa kutoka mbali na mboji, na osha majani mara mbili kabla ya kuyapika. Tuta la kuinuliwa linakauka haraka kuliko la chini, kwa hiyo liweke mahali penye kivuli cha alasiri. Kwingineko mjini fanya kinyume: wakati wa kiangazi tuta liwe chini kidogo ya njia, maji yakae, masika yakija, liinue.

Kumwagilia asubuhi au jioni? Vyote vinashinda mchana. Kwa kitalu napenda asubuhi, majani yakauke kabla ya usiku. Kwa miti, jioni, maji yapate usiku mzima wa kushuka. Maji ya kufulia yanafaa bugenvilia na mwembe mkubwa. Yasiguse kitalu wala mboga.

Mche mkubwa au mdogo?

Ukiwa bado unataka kununua, ulinganisho wa mwisho ni huu, pale pale barabarani. Mche mrefu wenye maua unavutia, lakini mara nyingi umekaa mno ndani ya mfuko, na mizizi imezunguka chini mpaka ikajifunga. Mche mfupi wenye shina nene unashika upesi na mwaka wa pili unampita mwenzake. Geuza mfuko uangalie matundu ya chini: mizizi myeupe inayochungulia ni nzuri, mizizi minene ya kahawia iliyokwisha kutoka na kuingia ardhini pa muuzaji itakatika ukiuinua. Muulize mwenyewe: «Papa, huu umekaa wapi, juani au kivulini?» Uliokaa kivulini unautoa nje kidogo kidogo, kwanza kwa muda wa saa mbili tu asubuhi, kisha nusu siku, kwa wiki moja au mbili kabla ya kuupanda.